Redio ya wanafunzi iliyouzwa kimya kimya: historia ya KTRU na swali la mwenye leseni

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma kwa miaka 2. Siku chache baada ya Rais kutia saini, shirika lililokuwa likigawa fedha hizo, Corporation for Public Broadcasting, kwa kifupi CPB, lilitangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake. Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Leseni za redio nyingi za umma nchini Marekani zimo mikononi mwa vyuo vikuu. Fedha za serikali zikiondoka, chuo chenye leseni hubaki na mambo ya kuchagua: kuendelea kuigharamia redio, kuikodisha, au kuiuza. Vyuo kadhaa vilishafanya uchaguzi huo zamani, tena kwa redio ambazo hazikuwa zikitegemea fedha za serikali hata kidogo. Redio hizo ni za wanafunzi, zinazoendeshwa kwa kujitolea.

Tumechagua kusimulia historia ya moja kati ya hizo, KTRU ya Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Texas. Tumeichagua kwa sababu ilipitia karibu kila kitu kinachoweza kuipata redio ndogo: ilianza bila chochote, ikakua, ikafungiwa, ikauzwa, ikahamia kwenye intaneti, kisha ikarudi hewani ikiwa imepungua nguvu. Kwa wewe unayesikiliza redio ya jamii kijijini kwa simu yako, kila hatua ya safari hiyo ina jambo la kukuhusu.

Kutoka bwenini hadi hewani

KTRU ilianza mwaka 1967 katika bweni la Hanszen. Haikuwa na mnara wala leseni ya FM. Wanafunzi walitumia mtambo mdogo wa AM na nyaya za bweni, na aliyekuwa nje ya eneo la chuo hakusikia kitu. Hesabu ya wasikilizaji haikusumbua mtu, kwa kuwa msikilizaji alikuwa mwenzao wa chumba cha pili.

Mwaka 1971 kituo kikaingia FM, masafa ya 91.7, kwa nguvu ya wati 10. Wati 10 ni kidogo kuliko taa nyingi za umeme za nyumbani za wakati huo. Lakini katika FM wati chache zinatosha kufikisha sauti kilomita kadhaa, ilimradi antena imewekwa juu na hakuna kilima kinachoziba.

Wakati huo sheria ya Marekani iliwarahisishia wanafunzi mambo. Sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 hadi 92, ilikuwa imetengwa kwa redio zisizo za biashara, na palikuwa na leseni maalumu ya wati 10 ambayo haikuhitaji fedha nyingi. Vyuo vingi, vikubwa kwa vidogo, vilijipatia redio kwa njia hiyo.

Njia hiyo ilifungwa mwaka 1978. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliacha kutoa leseni mpya za wati 10, na zile zilizokuwepo zikaambiwa ziongeze nguvu hadi wati 100 au zaidi, la sivyo zingepoteza ulinzi na mtu mwingine angeweza kuwapora masafa. Aliyeomba mabadiliko hayo ni CPB, shirika lilelile lililotangaza mwaka 2025 kwamba linafunga shughuli zake. Hoja yake ilikuwa kwamba redio ndogo zilikuwa zimejaza nafasi ambayo redio kubwa za umma zingeitumia vizuri zaidi. Vituo vingi vya wanafunzi vikalazimika kukua au kukaa kwa wasiwasi. KTRU nayo ilikua.

Mnara uliolipiwa na wengine

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1991. Kituo kimoja cha biashara cha Houston, KRTS, kilichokuwa kikipiga muziki wa klasiki, kilitaka kupanua masafa yake. Kwa mpangilio wa mawimbi ulivyokuwa, hakingeweza kufanya hivyo KTRU isipohamisha mtambo wake. Wakaelewana: KRTS ikalipia mtambo mpya, na KTRU ikahamia kwenye mnara ulio nje kidogo ya jiji, upande wa kaskazini. Nguvu yake ikawa wati 50,000.

Kwa wanafunzi ilikuwa kama kuokota dhahabu njiani. Redio iliyoanza kwa nyaya za bweni ikawa inasikika katika eneo lenye mamilioni ya watu. Wakazi wa mji ambao hawakuwahi kukanyaga chuoni wakaanza kuisikiliza, na baadhi yao wakaja kujitolea kama watangazaji. KTRU haikufuata orodha ya nyimbo zinazovuma. Usiku mmoja ungesikia jazi, kisha muziki wa bendi za Houston ambazo redio nyingine hazikuzijua, kisha rap ya mitaa ya jiji hilo. Palikuwa na vipindi vya muziki wa Afrika na wa Asia Kusini, na jamii za wahamiaji mjini humo zilivitegea sikio.

Lakini wati 50,000 zilileta na jambo jingine ambalo wachache walilifikiria siku ile. Leseni ya wati 10 hakuna mtu ambaye angeinunua. Leseni ya wati 50,000 katika moja ya miji mikubwa kabisa ya Marekani ina bei, tena bei ya mamilioni. Na leseni hiyo haikuandikwa jina la wanafunzi. Iliandikwa jina la chuo.

Mlango uliofungwa mwaka 2000

Dalili ya kwanza ilionekana mwishoni mwa mwaka 2000. Chuo kilitaka KTRU itangaze mechi nyingi zaidi za timu zake. Watangazaji wengi hawakupenda, kwa sababu mechi zilikula muda wa vipindi vyao. Siku moja mechi ikiwa hewani, watangazaji waliokuwa zamu wakapiga muziki juu ya sauti ya mchezo, kwa makusudi, kama njia ya kugoma.

Uongozi wa chuo ukafunga kituo. Kwa muda wa karibu wiki moja wanafunzi hawakuwa na ruhusa ya kuingia studio yao wenyewe, na masafa ya 91.7 yakajazwa matangazo ya kutoka kwingine. Baada ya maandamano na mazungumzo, kituo kikafunguliwa, na makubaliano mapya yakaandikwa kuhusu nani aamue nini.

Pande zote mbili zinaweza kulaumiwa. Kuharibu matangazo ya mechi ni kumwonea msikilizaji aliyewasha redio ili aisikilize timu yake. Kwa upande mwingine, kufunga redio nzima kwa kosa la watu wachache ni adhabu iliyowaangukia wote. Ila wanafunzi waliondoka na fundisho moja: aliyekuwa na ufunguo wa mlango ni mwenye leseni.

Agosti 2010

Miaka 10 ilipita. Katikati ya Agosti 2010, wanafunzi wakiwa bado likizo, gazeti la Houston Chronicle lilichapisha habari kwamba Rice inaiuza KTRU. Mnunuzi alikuwa chuo kingine cha jiji hilo, Chuo Kikuu cha Houston, ambacho ni cha serikali. Bei ilikuwa dola milioni 9.5, kwa masafa, leseni na mtambo. Bodi ya mnunuzi ikapitisha ununuzi huo siku hizohizo.

Mazungumzo yalikuwa yameendeshwa kwa siri. Wanafunzi waliokuwa wakikiendesha kituo hawakuulizwa, na wasikilizaji wa mjini hawakuulizwa. Wengi walijua kupitia gazeti.

Mkuu wa chuo, David Leebron, aliwaandikia wanachuo kueleza sababu. Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza, wasikilizaji wa KTRU walikuwa wachache kiasi kwamba vipimo vya soko havikuwaona. Pili, wanafunzi wangeendelea kutangaza kwa intaneti, ambako ndiko vijana wanakosikiliza. Tatu, fedha zingefanya mambo yanayowagusa wanafunzi wengi zaidi, likiwemo bwalo jipya la chakula.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Rice ni chuo cha binafsi, na mali iliyoandikwa jina lake ni yake kisheria. Mkuu wa chuo mwenye mali ya karibu dola milioni 10 inayotumiwa na wanafunzi wachache ana wajibu wa kujiuliza kama inatumika vizuri. Na mnunuzi hakuwa mfanyabiashara wa mafuta: alikuwa chuo cha umma kilichotaka masafa ya pili, ili ya kwanza yabaki ya habari na ya pili yawe ya muziki wa klasiki saa 24.

Wapinzani walijibu kila hoja. Kuhusu vipimo, walisema kampuni ya kupima wasikilizaji, Arbitron, ilikuwa ikipima kwa sampuli. Huko Houston ilikuwa ikitumia kifaa kidogo ambacho watu waliochaguliwa walitembea nacho, nacho kilinasa redio zinazosikika karibu. Njia hiyo inafaa kwa redio zenye maelfu mengi ya wasikilizaji. Kwa redio yenye wasikilizaji waliotawanyika, mmoja wa jazi huku na familia ya wahamiaji kule, sampuli inaweza kupita katikati yao bila kumgusa hata mmoja, kama wavu wenye matundu makubwa usionasa dagaa. Dagaa wapo, ila wavu haukufumwa kwa ajili yao.

Kuhusu fedha, walisema mtambo wa wati 50,000 haukununuliwa na chuo. Thamani iliyokuwa ikiuzwa ilijengwa kwa mpango wa mwaka 1991 na kwa miaka 40 ya kazi ya watu wasiolipwa.

Wanafunzi, waliosoma zamani na wasikilizaji wakapeleka pingamizi kwa FCC. Aprili 2011 FCC ikaidhinisha mauzo. Mwisho wa mwezi huo KTRU ikazimwa kwenye 91.7, na Mei masafa hayo yakaanza kupiga muziki wa klasiki kwa jina jipya, KUHA.

“Sikilizeni kwenye intaneti”

Hoja ya pili, ile ya intaneti, ndiyo inayomgusa zaidi msomaji wetu, kwa sababu inatumika sana hata leo redio inapotaka kupunguza mnara. Tuipige hesabu.

FM ni kama mvua. Ikinyesha, haijali kama shambani kuna miche 10 au 10,000. Kituo kinalipia mtambo, umeme na leseni, na gharama haiongezeki kwa sababu wewe na jirani yako mmewasha redio. Msikilizaji analipia betri tu. Simu nyingi, hata zile za bei ndogo za vitufe, zina redio ndani yake, na waya wa hedifoni ndio antena. Haihitaji bando wala laini yenye mtandao.

Kwenye intaneti kila msikilizaji analetewa maji yake kwa ndoo, na kila ndoo inalipiwa. Redio inayotumwa kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 29 kwa saa. Ikitumwa kwa sauti safi zaidi, kilobiti 128, inakula karibu megabaiti 58 kwa saa. Mtu anayesikiliza saa 2 kwa siku kwa kiwango cha chini atamaliza kama gigabaiti 1.7 kwa mwezi. Linganisha na bando unalonunua kwa wiki, kisha uone kinachobaki kwa ajili ya kuwapigia watoto walio mjini.

Kwa mwanafunzi wa Rice mwenye intaneti ya bure bwenini, kuhamia mtandaoni hakukuwa hasara kubwa. Dereva aliyekuwa akisikiliza barabarani mwaka 2011, mfungwa gerezani, au mzee mwenye redio ya betri jikoni, yeye alikuwa amefungiwa mlango. Sauti ilikuwa ileile, studio ileile, watangazaji walewale, lakini wasikilizaji hao hawakuwemo tena.

KTRU haikukubali kubaki mtandaoni tu. Kituo cha jamii cha KPFT cha hapohapo Houston kikaikaribisha kwenye mkondo wake wa pili wa kidijitali. KPFT yenyewe ilijua maana ya kunyamazishwa: mwaka 1970, mwaka wake wa kwanza hewani, mtambo wake ulilipuliwa kwa bomu mara 2 na watu wa Ku Klux Klan. Lakini mkondo huo wa kidijitali ulihitaji redio ya aina maalumu, na wachache tu walikuwa nayo.

Kilichofuata kwa mnunuzi na kwa muuzwa

Masafa ya 91.7 hayakukaa sana mikononi mwa mnunuzi. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Houston kilitangaza kwamba nacho kinaiuza KUHA, na kwamba wapenzi wa muziki wa klasiki wangeupata kwenye mkondo wa kidijitali na mtandaoni. Ni maneno yaleyale waliyoambiwa wasikilizaji wa KTRU miaka 5 kabla. Mwaka 2016 masafa yakaenda kwa taasisi ya matangazo ya Kikristo, KSBJ, kwa dola milioni 10.

Tuangalie safari yote: redio ya wanafunzi, kisha redio ya chuo cha serikali, kisha redio ya dini, ndani ya miaka isiyozidi 6. Hatusemi kwamba aliyekuja mwisho ni mbaya kuliko wa kwanza. Redio za dini zina wasikilizaji wao wanaozipenda. Tunachosema ni kwamba masafa yakishaingia sokoni, ahadi ya mnunuzi wa kwanza haimfungi wa pili, na aliyekubali mauzo kwa sababu “angalau yanakwenda kwa muziki mzuri” hana tena wa kumuuliza.

Na KTRU je? Ilirudi, kupitia mlango ambao wengi hawakuutarajia. Januari 2011, miezi michache kabla ya kuzimwa, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyofungua nafasi zaidi za redio za nguvu ndogo, zisizozidi wati 100, kwa ajili ya jamii, shule na mashirika yasiyo ya faida. Mwaka 2013 FCC ikapokea maombi. Oktoba 2015 wanafunzi wa Rice wakawa tena kwenye FM, safari hii 96.1, na leo kituo kinaitwa KTRU-LP. Herufi mbili za mwisho ni alama ya nguvu ndogo.

Redio ya namna hiyo kwa kawaida husikika vizuri kwa umbali wa kilomita 5 au 6 hivi. Inafikia mitaa ya karibu na chuo, haifikii jiji zima. Kwa maneno mengine, KTRU imerudi karibu na pale ilipokuwa mwaka 1971. Kuna ulinzi katika udogo huo: leseni ya nguvu ndogo haina soko la mamilioni, na hakuna anayeitamani. Lakini wasikilizaji wa pembezoni mwa Houston, wale waliopatikana mwaka 1991, hawakurudishwa.

Haikuwa Rice peke yake

Miezi ileile mambo yalitokea kwingine. Januari 2011 Chuo Kikuu cha San Francisco kilitangaza kuuza masafa ya redio yake, KUSF, kwa dola milioni 3.75, na matangazo yakakatwa asubuhi ya siku hiyohiyo. Mwaka huo huo mjini Nashville, redio WRVU ya wanafunzi wa Vanderbilt iliuzwa kwa redio ya umma ya mji huo kwa dola milioni 3.35.

Mfano wa Nashville unahitaji kuangaliwa vizuri. Huko leseni haikuwa ya utawala wa chuo. Ilishikwa na shirika la mawasiliano ya wanafunzi, lenye bodi ambamo wanafunzi nao walikuwa na viti. Bado iliuzwa. Kwa hiyo kuwa na bodi pekee hakutoshi. Inategemea bodi hiyo imefungwa na kanuni gani, na kama inalazimika kuwauliza wasikilizaji kabla ya kupiga kura.

Mwaka 2014 mjini Atlanta njia ikawa nyingine. Chuo Kikuu cha Georgia State hakikuuza redio ya wanafunzi wake, WRAS, yenye wati 100,000. Kiliwapa watangazaji wa umma wa jimbo saa za mchana, na wanafunzi wakabaki na usiku. Jina la kituo lilibaki na leseni ilibaki, ila saa ambazo watu wengi husikiliza ziliondoka.

Katika mifano hii, mara nyingi mpango ulijulikana kwa watangazaji ukiwa umeshaiva.

Hapa kwetu

Redio za vyuo vya Afrika Mashariki hazikuzaliwa kama KTRU. Mlimani Radio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SAUT FM ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Mwanza, au Equator FM ya Chuo Kikuu cha Maseno, zinafungamana na masomo ya uandishi wa habari: ni darasa na ni kituo kwa wakati mmoja. Wanafunzi hupita, walimu hubaki. Hilo linazipa uti wa mgongo ambao KTRU haikuwa nao, kwa sababu kuuza redio ni kuuza darasa. Vilevile linawapunguzia wanafunzi nafasi ya kuamua wenyewe kinachokwenda hewani.

Taratibu za leseni nazo zinatofautiana na za Marekani, na hatudai kwamba dola milioni 9.5 zinazunguka vijijini kwetu zikitafuta redio ya kununua. Lakini mambo matatu ni yaleyale. La kwanza, masafa ni mali ya umma, na anayeyatumia amepewa ruhusa kwa muda, iwe na TCRA Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya au UCC Uganda. La pili, ruhusa hiyo ina jina la mtu au taasisi: chuo, halmashauri, kanisa, msikiti, shirika lisilo la kiserikali, kikundi cha jamii au kampuni. La tatu, mfadhili akiondoka au gharama za umeme na leseni zikizidi, mwenye jina ndiye anayeamua, na mara nyingi anaamua kabla msikilizaji hajasikia kitu.

Sisi wa redio tuna tabia ya kusema hewani kwamba “redio hii ni yenu”. Tunalisema kwa moyo safi. Rice nako watangazaji walilisema kwa miaka 40, na waliamini. Kwenye karatasi halikuwa hivyo.

Mambo ya kuuliza kabla mambo hayajaharibika

Redio unayoitegemea kwa bei za mazao, matangazo ya misiba na taarifa za mvua ina mwenye leseni. Haya ni maswali ambayo mkutano wa wasikilizaji, kikundi cha akina mama au serikali ya kijiji inaweza kuyapeleka kituoni bila ugomvi:

Leseni imeandikwa jina la nani, na inaisha lini?

Kuna bodi au kamati ya wasikilizaji? Wajumbe wake wanachaguliwa na nani, na mara ya mwisho walikutana lini?

Kituo kikitaka kubadilisha mmiliki, kuhama masafa au kuachia saa zake kwa mtu mwingine, katiba yake inasema wasikilizaji waulizwe? Kama haisemi, nani anaweza kupendekeza iongezwe?

Mtambo na mnara ni mali ya nani? Vilitolewa na mfadhili kwa jamii, au kwa taasisi yenye leseni?

Kituo kinapimaje wasikilizaji wake? Kama ni kwa takwimu za mjini, vijiji vya pembezoni vinahesabiwa vipi? Njia nyepesi ni kituo kuweka kumbukumbu za simu na ujumbe kutoka kila kijiji, mwezi kwa mwezi, na kuzihifadhi. Siku mtu atakapodai kwamba hakuna anayesikiliza, daftari hilo ndilo shahidi.

Swali la mwisho ni kwa wale wanaopanga kuhamishia kila kitu kwenye intaneti: bando atalipa nani?

Wasikilizaji wa Houston waliuliza maswali ya namna hii, tena kwa nguvu, kwa barua, maandamano na mawakili. Waliyauliza kuanzia Agosti 2010, wakati bei ilikuwa imeshakubaliwa.